Kifua cha Jumatatu

Kifua cha Tarumbeta kilikuwa kinaijua Jumatatu kuliko nyapara. Siku nyingine kilitulia, kikajifanya kifua cha mtu mwenye afya zake, lakini Jumatatu ikifika, mchana mchana hivi, kilianza kubana taratibu kama mtu anayekazwa mkanda mbavuni. Kisha kikohozi kikavu. Kufikia saa ya kutoka kazini alikuwa anavuta pumzi kwa mabega, macho yamemtoka pima, na ukimuuliza una nini, anakutazama tu. Hajui. Na ukimwambia nenda hospitali, anakuja juu, eti hospitali ni ya wagonjwa.

Kazi yake ilikuwa kiwanda cha nyuzi, chumba cha kuchania pamba. Pamba haifiki pale nyeupe kama unavyoiona dukani, wee! Inafika na shamba lake zima: vipande vya majani makavu, vikonyo, maganda, mchanga. Mashine zina meno ya chuma; zinaivuta, zinaichana, mpaka itoke upande wa pili imelainika kama utando. Uchafu mzito unaanguka chini ya mashine. Ule mwepesi hauanguki popote, unaelea tu, unatua kwenye nyusi za watu, kwenye chai, kwenye taa. Ukiingia mara ya kwanza unadhani kuna ukungu ndani. Yeye alikuwa fundi wa mashine hizo tangu ujanani, na jina la Tarumbeta alipewa kwa sababu ya koo lake: mashine zote zikinguruma, akimwita mtu wa mwisho wa chumba, mtu anageuka.

Sasa sikiliza kilichomchanganya. Jumanne kifua kilipata nafuu. Jumatano kikohozi kilibaki cha hapa na pale. Ijumaa na Jumamosi mtu mzima kabisa, anapiga mluzi huku anafunga nati. Jumapili anashinda nyumbani, anakula anashiba, anajinyoosha kitandani na redio yake. Jumatatu, kile kile. Kubanwa, kukohoa, kupumua kwa mabega.

Hebu niambie wewe. Mtu anashinda vumbini wiki nzima, kila siku anazidi kupona. Anapumzika siku moja kwenye nyumba inayong'aa, anaugua. Ungelaumu nini? Tarumbeta aliizungusha hesabu hiyo kichwani mpaka kichwa kikamwanga, na kila mara jibu lilikuwa lile lile. Nyumba ndiyo inayomuua.

Kazini hakukosa wa kumuunga mkono. Kulikuwa na mwenzake mmoja wanayemwita Profesa, si kwa shule, maana shule aliikimbia mapema, bali kwa sababu hajapata kuulizwa swali akasema sijui.

"Kifua ni kama punda," Profesa alimwambia. "Ukikipumzisha kinanuna. Kinasahau kazi. Kwani wewe peke yako? Nusu ya chumba hiki wanabanwa Jumatatu."

Na kweli, nusu ya chumba walikuwa wanabanwa. Ndiyo maana walikuwa na desturi yao, wanaiita kuonja. Jumatatu asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, kila mmoja anainama kwenye kidirisha cha chini ya mashine, pale uchafu unapokusanyika, anavuta pumzi ndefu za kukumbusha kifua kazi yake. Wageni walifundishwa siku ya kwanza. Nyapara hakuwa na neno. Desturi inayowafikisha watu kazini mapema, nani aikatae? Na mwalimu wa kuonja, aliyewashika wageni mabega akiwaambia vuta, vuta tena, usiogope, alikuwa Tarumbeta mwenyewe.

Basi nyumbani upelelezi ukaanza. Alianza na sakafu.

"Haya mafuta unayopaka sakafu, ni mapya?"

"Ni yale yale ya miaka yote," mkewe alijibu.

"Yananikaba."

Mafuta yakaachwa, sakafu ikapauka. Jumatatu akabanwa. Akahamia kwa paka. Paka akapewa jirani, akarudi mwenyewe kabla ya chakula, akapewa jirani wa mbali zaidi. Jumatatu akabanwa. Mapazia yakashushwa, watu wa barabarani wakawa wanaona mpaka kitanda. Jumatatu akabanwa. Mkewe, ambaye kwa sababu ya kikohozi alikuwa amehamia chumba cha watoto walioshaoa na kuolewa, alikuwa anavumilia, lakini uvumilivu nao una kiasi chake. Jumapili moja alimkuta mumewe ananusa mito ya viti, amepiga magoti kama anayetafuta sindano.

"Mume wangu, ulianza na sakafu. Ukaja kwa paka. Ukaja kwa mapazia. Sasa hivi unanusa viti. Vikiisha viti tumebaki binadamu. Nijue mapema, ni mimi au ni mama?"

Tarumbeta akaurudisha mto kitini. Maana hilo ndilo lililokuwa moyoni, na alikuwa anaogopa hata kulifikiria. Mama mkwe alikuwa anakaa nao, chumba cha nyuma, na miguu yake ilikuwa inauma, na kila jioni aliichua kwa dawa ya kopo yenye harufu kali. Alikuja lini? Tarumbeta alijaribu kukumbuka kama kubanwa kulianza kabla au baada yake, akashindwa. Lakini mama mkwe! Mtu ambaye ukimwamkia unaangalia chini, ukipita mbele yake unajikunja! Utaanzaje?

Akaanza vibaya.

"Nilikuwa nawaza tu," alisema. "Mama hana hamu ya kwenda kwa shemeji kidogo? Kubadilisha hewa?"

"Nani abadilishe hewa? Yeye au wewe?"

"Ile dawa yake..."

"Sema! Sema mama yangu anakukaba koo!" Mkewe alikuwa ameshika kiuno, machozi yanamlenga. "Amekula chumvi nyingi yule, hana kwake, kwa kaka yangu hakuna hata chumba cha kumlaza, na unataka nimwambie afungashe kwa sababu kifua chako hakipendi Jumatatu?"

"Punguza sauti!"

Angalia anayesema punguza sauti. Mwenye koo la kupita mashine. Kama kulikuwa na mtu mtaa mzima ambaye hakusikia habari ya dawa ya kuchua, basi hakuwepo mtaani. Jioni ile mama mkwe hakuchua miguu, wala jioni iliyofuata, na Tarumbeta alimwona asubuhi anatembea kwa kushikilia ukuta, akaona aibu, na Jumatatu akabanwa vile vile.

Akarudi kwa Profesa amechoka, amekonda, akili hazimkai.

"Nimetoa kila kitu. Bado."

Profesa akajikuna kidevu. "Kama nyumba ndiyo inakuchokoza, basi ipeleke hewa ya hapa nyumbani. Kifua kisijue kama kimetoka."

Pengine Profesa alikuwa anatania. Tarumbeta hakuuliza. Jumamosi alichukua gunia, akainama chini ya mashine yake, akalijaza ule uchafu laini wa kijivu, ule unaoshikamana kama manyoya. Nyumbani akatoa sufi iliyokuwa kwenye mto wake, akashindilia ule uchafu, akashona mwenyewe kwa mishono mikubwa ya kiume. Akaulalia. Ulikuwa laini ajabu, unanuka kiwanda, na alilala usingizi mzito akiamini amepata dawa.

Jumatatu hiyo mchana alisimama katikati ya chumba akingoja. Hakuna kitu. Akangoja tena. Kifua kimelegea kama Ijumaa! Alipiga kelele ya furaha mpaka watu wa chumba cha jirani wakaja kuangalia kama mashine imekata mtu mkono.

Sasa furaha ilipotulia, aibu ikaja. Kumbe mama wa watu hakuwa na kosa! Kumbe ni nyumba tu kukosa hewa ya pamba! Tarumbeta, pamoja na ubishi wake wote, hakuwa mtu mbaya, na kosa likimkaa rohoni hali akashiba. Jumamosi iliyofuata akajaza gunia tena, akachagua uchafu laini kuliko wote, akashona mto wa pili, huu kwa mishono midogo ya adabu, akautia foronya ya maua aliyoinunua mwenyewe. Akasimama mlango wa chumba cha nyuma, macho chini.

"Mama, nimekuletea kitu kidogo. Uweke kichwa."

Mama mkwe aliupokea kwa mikono miwili. Aliubonyeza, akamtazama mkwewe kwa muda. "Ahsante, mwanangu. Mungu akuzidishie." Na siku ile mkewe alicheka mezani, jambo lililokuwa limesahaulika. Paka naye akarudi kutoka kwa jirani wa mbali, na safari hii hakuna aliyemfukuza.

Laiti mambo yangeishia hapo. Asubuhi iliyofuata mama mkwe aliamka ana homa, anakohoa. Wakasema mafua. Baada ya siku chache homa ikaondoka, kikohozi kikapungua, wakasema si unaona, ni mafua. Kisha akaenda kwa mwanawe kusalimia, akakaa huko wiki, akarudi mzima, anatembea bila kushika ukuta. Kesho yake asubuhi alikutwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, anapumua kwa mabega.

Tarumbeta alipomwona akapigwa na butwaa. Alilijua lile. Zile mbavu, yale mabega, yale macho. Ile ilikuwa Jumatatu yake mwenyewe imekaa kwenye kifua cha bibi kizee, tena siku ambayo si Jumatatu! Je, ugonjwa umehama? Amemwambukiza? Na kama nyumba inamkaba mama, mbona yeye inamponya? Na kama inamponya, mbona siku hizi akipanda ngazi za ghala lazima asimame katikati, ajifanye anafunga kamba ya kiatu? Hilo la ngazi hakumwambia mtu. Alijiambia ni umri. Aligeuza mambo hivi, akayageuza vile, hakuna upande uliokaa sawa. Alikuwa kama mtu aliyevaa shati ndani nje gizani na kila akilivua analivaa vile vile.

Mama mkwe hakulalamika. Alianza tu kukunja nguo zake, moja moja, akiziweka kwenye begi. Alisema nyumba haimtaki, kwa mwanawe anapumua vizuri, atalala sebuleni, haidhuru.

Mkewe akamfuata Tarumbeta uani. Hakupandisha sauti safari hii, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Umefurahi? Ulitaka aondoke, anaondoka. Lakini nakuambia kabisa, akitoka na begi lake, na langu litakuwa mlangoni. Nimechoka kuishi na mtu anayenusa nusa."

"Haki ya Mungu sijamfanya kitu! Mimi nilimpa zawadi!"

"Basi mpeleke hospitali. Kama hujamfanya kitu."

Akawapeleka. Angefanya nini? Alimshika mama mkwe mkono kupanda ngazi za hospitali, ingawa mkono wa mama mkwe haushikwi hivi hivi, na wote wawili walifika juu wanahema, mkewe akiwatazama kwa zamu.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye kusikiliza mpaka mwisho. Alimpa mama kibomba cha plastiki chenye mshale wa kupimia pumzi, apulize kwa nguvu zake zote. Mshale ukasogea kidogo, ukakata tamaa.

"Nyumbani kuna vumbi? La unga, la mbao, la nafaka, la pamba?"

"Vumbi?" mkewe alishtuka kama ametukanwa. "Daktari, mimi nafagia asubuhi na jioni. Mume wangu ndiye wa pamba, na akirudi anaoga kwanza."

Tarumbeta alikuwa anatazama ukuta. Kuna wazo lilikuwa limesimama mlangoni mwa akili yake linabisha hodi, na yeye anajitia hamnazo.

"Daktari," alisema, kama anayemuulizia mtu mwingine, "na mto je? Mto wa pamba."

"Mto wa pamba safi hauna neno."

"Na wa... ile inayoanguka chini ya mashine?"

Mkewe akageuka taratibu. Daktari akaweka kalamu chini.

"Pamba yenyewe haina ubaya mkubwa," daktari alisema. "Ubaya uko kwenye vinavyokuja nayo. Jani lililosagika, vikonyo, maganda, ukungu, na sumu ya vijidudu vinavyoishi juu ya majani. Ukisaga mmea mkavu, vyote hivyo vinakuwa vumbi. Sasa njia zako za hewa zimetandikwa ngozi ndani, laini, ina majimaji, kama ndani ya shavu lako. Vumbi lile likiigusa, ngozi inavimba, inatoa makohozi, na misuli iliyoizunguka inabana. Njia inakuwa nyembamba. Hewa inaingia kwa taabu, inatoka kwa taabu zaidi."

"Lakini mbona Jumatatu?" Tarumbeta alipasuka. Swali lilikuwa limemkaa miaka. "Daktari, usinichanganye! Kama ni vumbi, ningekufa Jumamosi, baada ya wiki nzima kulivuta! Mbona Jumamosi nilikuwa mzima? Mbona nikipumzika ndiyo naugua?"

"Kwa sababu ukipumzika, ngozi ile nayo inapata ahueni. Ikirudi vumbini Jumatatu ina nguvu ya kupiga kelele. Kufikia Jumamosi imechoka kupiga kelele. Wewe ulidhani imepona."

Tarumbeta alitafuta pa kushika.

"Lakini mimi nimepona kweli. Tangu nianze kulalia mto wangu, sibanwi tena. Jumatatu yangu imekwisha."

Daktari hakubishana naye. Alibadilisha mdomo wa kile kibomba, akampa. Tarumbeta alivuta pumzi kama anayetaka kumwita mtu wa mwisho wa chumba, akapuliza mpaka mishipa ikamsimama shingoni. Akaangalia mshale. Akaomba apulize tena, labda alikosea. Akapuliza tena. Mshale wake ulikuwa umesimama chini ya ule wa mama mkwe.

"Hukupona," daktari alisema. "Ulikuwa na siku moja tu katika wiki ya kupumua, ukaiziba. Mama atapona, ukiutoa mto leo. Wewe sijui. Ngozi ikivimba muda mrefu inakuwa ngumu, hairudi yote. Lakini kinachobaki kinaweza kubaki, ukitoka kwenye chumba kile. Si kesho kutwa. Leo."

Alitoka mle ndani hajui miguu inampeleka wapi. Atoke kwenye chumba kile aende wapi, na mikono yake haijui kingine? Na wale wote aliowainamisha kwenye kidirisha, akawashika mabega, vuta, vuta tena? Nani atawaambia, na wataaminije, ikiwa yeye mwenyewe mpaka sasa nusu ya akili yake ilikuwa inamwambia daktari amekosea, kwamba nyumba ndiyo, nyumba ndiyo? Miaka mingapi alikuwa anaikimbia Jumapili, mahali pekee alipokuwa anapona!

Mkewe alikuwa amebaki ndani kuchukua dawa. Mama mkwe alikuwa kwenye benchi la ukumbini. Tarumbeta alichuchumaa mbele yake, macho chini, hakujua aanze wapi.

"Mama. Ni ule mto. Mimi ndiye niliyekuumiza, si nyumba. Nilidhani nakupa kitu kizuri. Nisamehe, Mama. Sikujua."

"Mimi nilijua," mama mkwe alisema.

Akainua macho. Kwa mara ya kwanza tangu aoe, alimtazama mama mkwe usoni.

"Usiku ule ule wa kwanza nilijua. Nikiugeukia nabanwa, nikiuweka pembeni napata nafuu. Kwa mwanangu nalalia nguo zangu, napumua."

"Sasa kwa nini hukuutupa? Kwa nini hukusema?"

Bibi alirekebisha kitambaa chake kichwani, bila haraka. "Nilikuwa nimesikia ile habari ya dawa yangu. Nikajua nimekalia kuti kavu kwenye nyumba ya watu. Kisha ukaja na mto, umeushona mwenyewe, na foronya ya maua. Nikasema, mkwe wangu amenitaka. Nikiukataa atasema nini? Nikaulalia."

Tarumbeta alilia, mtu mzima, ukumbini, watu wanapita na mafaili, na kulia kwenyewe kulimshinda maana pumzi haikutosha kulia na kuvuta hewa kwa pamoja. Mama mkwe alimwekea mkono begani mpaka kikohozi kikapita.

Mkewe alitoka na dawa, macho mekundu, hakumsemesha. Alikuwa ameamua la kusema na alikuwa analiweka mpaka wafike nyumbani. Alichukua mfuko, akatangulia. Wakaanza kushuka ngazi. Kushuka tu, si kupanda. Katikati Tarumbeta alisimama, akainama kwenye kiatu chake, akashika kamba iliyokuwa imefungwa vizuri kabisa.

Mama mkwe alikuwa ameshamtangulia. Akasikia hatua hazimfuati, akageuka, akapanda tena na miguu yake ile inayouma, ngazi moja, ngazi nyingine, mpaka alipo. Akamtoa mkono kwenye kiatu.

"Pumzika, mwanangu," alisema. "Hakuna anayetukimbiza."

Tarumbeta akakaa pale pale kwenye ngazi, watu wakimpita kushoto na kulia, akapumzika.